Shahidi ya Platre

Niko na miaka makumi tatu na moja na niko retrete, nimestaafu kazi. Musicheke. Batu bengine banangojeaka retrete mupaka meno inaisha. Miye ilinikuta na meno yote, ni muguu tu iliharibikia kule mulimani. Injenieri aliniambia kama vijana bapya ba kwa shantie, fasi ya ujenzi, ya kanisa ya zamani, pale Fizi, banaomba: "Kasuku atuandikie mambo ya kazi, ye njo alifanya na Papa Wilondja." Kusoma, mi niliishia la sita ya primeri, na kalamu yangu inatembeaka sawa miye, inachechemea. Lakini nilikubali, ju ya neno moja nilisikia munasemaka kule. Mutu akifanya kazi ovyo munamuambia: "Usifanye kiwilondja." Hiyo neno njo ilinikalisha kwa meza. Nitaifikia. Mbele nianze na mwanzo, ju Papa Wilondja hakupendaka mutu anapandisha ukuta bila musingi.

Mbele ya kuwa fundi, nilikuwa napakua magunia ya ndagala hapa Baraka, kwa mitumbwi ya kutoka Kazimia. Kazi ya kunuka. Watoto ba jirani balikuwa banajua nimefika nyumbani mbele sijafungua mulango. Kisha ile tetemeko ya inchi ilipita. Nyumba za manjanja, zile za mabati mepesi, zilitikisika tu, zikabaki. Zile za zamani, za mawe na matafari mazito, njo zilipasuka: kanisa, nyumba ya wageni ya kule juu upande wa Bibokoboko, ile bazee banaitaka jite. Mbele, wageni balikuwa banapanda na miguu siku nzima, banalala kwa jite, banakunywa maziwa kwa bachungaji, asubui banaangalia ziwa kutoka juu na kusema "oh". Kwa ile "oh" yao, batu bengi balikula. Nyuma ya tetemeko, hakuna mutu alipanda tena. Nani analala chini ya ukuta yenye kukuangalia na jicho moja wazi?

Njo Injenieri alikuja na karatasi zake. Ni mama mupole, anavaaka bote, viatu za mvua, ata siku ya jua. Alisema: nyumba zikiamka, wageni batarudi. Alitafuta batu ba mikono. Mikono nilikuwa nayo.

Siku ya kwanza kapita, musimamizi wa kazi, alikuwa Papa Wilondja. Mwanaume mufupi, kofia ya sufu kichwani ata saa sita ya jua, na truweli ambayo mukono yake alitengeneza mwenyewe na muti ya mupera. Hakuniuliza jina. Alinipeleka mbele ya ukuta, akanipa ile truweli kwa upande wa muti.

"Gonga."

Nikagonga.

"Inasema nini?"

"Inasema karibu, Papa."

"Gonga huku chini."

Nikagonga. Sauti ilikuwa ingine, sawa mutu anajibu kutoka chumba ya mbali.

"Na huku?"

"Huku inasema hakuna mutu."

Hakucheka. Bengine balicheka, ye alingoja bamalize. Kisha akasema: "Huyu Kasuku anasikia. Kosa yake, anajibu mbio kuliko ukuta." Ile siku jina yangu ilikufa, nikaitwa Kasuku mupaka leo. Na kwa siku tatu hakunipa kazi ingine. Kugonga tu. Jioni masikio yangu ilikuwa imechoka kuliko mikono.

Mushike hiyo: ukuta muzima inarudisha sauti kavu, fupi. Ukuta mugonjwa inalia sawa ngoma. Ikikulilia sawa ngoma, usiende kucheza.

Juma ya pili nilifanya kosa yangu ya kwanza, ile kosa munafanyaka bote. Niliona tundu katikati ya matafari ya zamani, nikaona na mufuko ya simenti iko pale, nikaziba. Ilikuwa muzuri, nyororo, ngumu sawa kichwa yangu. Mvua ikapiga juma mbili. Matafari ya kando ya ile simenti ikaanza kujivua ngozi, vipande vipande. Papa Wilondja aliniita.

"Simenti ni kijana ya leo," alisema. "Inakauka mbio, haitaki kusogea, na ikikasirika inavunja mwenye iko naye kitanda moja. Chokaa ni bibi muzee. Inapumua. Nyumba ikijinyoosha, inajinyoosha naye."

"Papa iko na bibi muzee nyumbani, njo maana anasifu."

"Toa ile simenti yote. Na patasi ndogo."

Nilitoa kwa siku ine. Bibi yake, nilijua nyuma, alikuwa amekufa kitambo. Hakuniambia, na mi niliendelea na ile mizaha miezi mingi.

Chokaa tulikuwa tunailaza ndani ya shimo na mayi, tunafunika na majani ya migomba, inalala juma nyingi mbele ya kuigusa. Kila asubui ilikuwa kazi yangu kuangalia kama imelala vizuri. Nilikuwa naiambia bonjour. Musicheke, ni ye alinifundisha.

Sasa shahidi. Nasikia siku izi banawafundisha na kioo. Siye tulifanya na platre, ule unga mweupe ya kuchanganya na mayi. Ukuta ikipasuka, haujui kama ule ufa unalala ao unatembea. Unachukua platre, unaweka kipande juu ya ufa, urefu ya kidole, upana ya vidole viwili, ishike huku na huku. Ikikauka, unaandika tarehe na kalamu ya risasi. Kisha unangoja. Ikibaki nzima mupaka majira ya mvua inaisha, ufa unalala, unaweza kuziba na kuendelea. Ikipasuka, ata na unywele moja, ukuta inatembea. Hapo unaegemeza miti, unatoa batu chini, unaweka shahidi mupya, unaanza tena kungoja. Hakuna kubishana nayo. Papa Wilondja alikuwa na sheria mbili: shahidi haidanganye, na shahidi haitupwe. Zile zilipasuka alikuwa anaziweka ndani ya mukebe ya maziwa ya unga, na tarehe zake, na namba saba yake ambayo alikuwaka anaikata tumbo na kamusitari.

Kanisa ya Fizi tulianza kuishughulikia, kisha tukaiacha ipumzike na mashahidi wake, tukapanda kwa jite.

Jite ni nyumba ya mawe, vyumba tatu, baraza moja, na mulango yenye linto, boriti ya muti mugumu, juu yake. Mwenye kuichunga alikuwa Yaya Alenge, mutoto mwanamuke wa Papa Wilondja; yaya, ni kusema dada mukubwa. Ye njo alikuwaka anapikia wageni, anatandika vitanda, anabaonyesha njia ya maporomoko ya mayi. Tangu tetemeko alikuwa analima tu, na nyumba alikuwa anaifagia kila siku, ata vyumba zenye hakuna mutu anaingia. Nilimuuliza anafagilia nani.

"Nafagilia wageni."

"Bako wapi?"

"Kasuku, we unakulaka chakula gani, ya maneno tu?"

Ukuta ya upande wa mulango njo ilikuwa mugonjwa kabisa. Ufa ulitoka chini, ukapita kando ya linto, ukapanda mupaka kwa paa. Papa Wilondja aliegemeza miti ine, akaweka shahidi kwa kimo ya paji la uso yangu, akaandika tarehe. Kila asubui, mbele ya kusalimia mutu yoyote, ata mutoto wake, alienda kuiangalia. Alikuwa anagusa kofia, sawa mutu anasalimia chefu.

Tuliendelea na kuta zingine. Mvua ilipiga mara nyingi. Shahidi ilibaki nzima. Siku moja Injenieri alipanda na habari: kuna kikundi ya wageni kutoka Bukavu, banataka kupanda mulima, banauliza kama jite itakuwa tayari. Kama haiko tayari, bataenda fasi ingine, na pengine bale ba nyuma yao pia. Papa Wilondja akasema: "Mvua ikiisha na shahidi iko nzima, natoa miti, tunaziba, balale." Yaya Alenge alisikia. Kesho yake aliosha mashuka yote ya jite, mashuka ambayo hayakuguswa na mutu, akayaanika kwa majani mupaka mulima wote ulikuwa mweupe. Alikuwa anaimba. Sikukuwa nimemusikia kuimba.

Juma ya mwisho ya mvua, nilifika wa kwanza kwa shantie. Shahidi ilikuwa imepasuka katikati.

Nilisimama pale. Papa Wilondja alikuwa bado kwa kisima. Nikaangalia chini, nikaona manyoya ya ng'ombe, ya rangi ya majani makavu, imeshika kwa kona ya jiwe, kwa kimo ya kiuno. Ng'ombe za kule juu zinapenda kujikuna kwa kuta, kila mutu anajua, tulikuwa tunazifukuza kila siku. Nikasema: ni ng'ombe. Nilisema na sauti, peke yangu, sawa kasuku. Ng'ombe imejikuna, ukuta imetikisika kidogo, shahidi imepasuka. Haiko ukuta inatembea. Na Papa Wilondja, ye hatasikia habari ya ng'ombe. Ataona imepasuka, ataanza tena kungoja, wageni bataenda fasi ingine, na mashuka ya Yaya Alenge itarudi ndani ya sanduku.

Platre ilikuwa pale, ndani ya karai. Nilitoa ile ya kupasuka, nikaitia mufukoni, ju shahidi haitupwe. Nikaweka mupya. Ilipokauka, nikaandika tarehe ya zamani, na saba ya kukatwa tumbo. Primeri yote nilikuwaka namba moja kwa kukopia. Ilikuwa nyeupe sana, nikaipaka vumbi na masizi ya jiko ya Yaya Alenge, ikazeeka ndani ya dakika tano.

Papa Wilondja akakuja. Akagusa kofia. Akakaribia, akaangalia, akapitisha kidole.

"Iko nzima," alisema. Na mi nilisema: "Iko nzima, Papa."

Mvua ikaisha. Akatoa ile miti ine.

Siku kenda hakuna kitu. Tuliziba ufa na chokaa, shahidi tukaiacha fasi yake, mi nilikuwa juu ya eshafodaje, jukwaa ya miti, napaka karibu na linto, Papa Wilondja chini yangu, anachanganya. Ilikuwa saa ine ya asubui. Inchi ikatikisika kidogo tu, ile ya kutikisa chai ndani ya kikombe, tangu tetemeko kubwa tulizipata nyingi. Batu ba inje hata hawakusimama. Papa Wilondja aliinua kichwa. Mulango ilikuwa hatua tatu. Hakuangalia mulango. Aliangalia shahidi, kuisoma. Ilikuwa nzima bado. Ule muda ya kufumba jicho njo alipoteza pale.

Kisha linto ikashuka, na ukuta nyuma yake.

Kutoka kule mupaka hospitali ya Baraka hakuna gari. Batu ba kijiji balifunga vipoyo viwili, machela ya miti na blanketi. Ye mbele, mi nyuma. Bachungaji na balimaji, ambao siku zingine hawasalimianaka vizuri, balipokezana kutubeba. Yaya Alenge alitembea kando ya baba yake na shuka moja mukononi, anamufunika jua. Kwa muteremuko vipoyo vilikaribiana.

"Kasuku," Papa Wilondja aliita. Sauti yake ilikuwa ya ukuta mugonjwa.

"Papa."

"Muguu iko?"

"Iko moja na nusu, Papa."

"Inatosha. Timazi inasimamaka na kamba moja."

Babebaji balicheka kidogo, kisha baliacha. Tulitembea. Nilikuwa nasikia miguu yao kwa mawe.

"Shahidi," alisema. "Ilikuwa nzima?"

Nilikuwa na ile ya kupasuka ndani ya mufuko ya suruali. Ilikuwa inanichoma paja, kweli, upande yake yenye makali. Yaya Alenge alikuwa ananiangalia, anangoja pia.

"Ilikuwa nzima, Papa."

Alifunga macho, nikazani amelala.

"Basi ni miye," alisema. "Nilisoma mubaya."

"Ni tetemeko, Papa."

"Tetemeko haina kosa. Ukuta ilisema, mi sikusikia. Masikio imezeeka." Kisha, nyuma ya muteremuko ingine: "Utabaambia vijana ba kazi. Kapita alisikia mubaya. Bajifunze kwa ile."

Alikufa siku ya tatu.

Kazi nyingi alinipa na sikuzifanya vizuri. Ile ya mwisho nilitii. Kwa kilio, bazee balikaa kwa lubunga, fasi yao ya kuzungumuzia mambo, balinibeba mi na muguu yangu ya kufungwa miti, baliniuliza: "We ulikuwa pale. Shahidi ya ukuta ilisema nini?" Nilisema ilikuwa nzima. Nilisema kapita alisikia mubaya, ni mwenyewe aliniagiza niseme. Bazee balitikisa vichwa. Muzee moja akasema: "Kumbe macho yake ilikuwa imekufa." Ile maneno ilishuka Baraka, ilipanda Fizi, ilifika kwa shantie. Njo vile "kiwilondja" ilizaliwa. Muzazi wake ni miye.

Muguu ilipona vibaya. Eshafodaje haitaki mutu ya kuchechemea. Injenieri alinitafutia kazi ya kuandika vifaa kwa depo, nilifanya miezi sita, kisha niliacha, ju kila asubui vijana balikuwa banasema lile neno na banacheka, na mi nilikuwa nacheka pia, sawa desturi yangu. Mutu anaweza kufa na njaa ju ya neno yake mwenyewe.

Jite haikujengwa tena. Wageni ba Bukavu balienda fasi ingine. Sasa ndama zinalala ndani, banasema, na kule juu kuko na mambo yake ingine, siku zingine barabara inafunga yenyewe. Yaya Alenge alishuka Baraka, anauza maharagi na bugali karibu na soko. Ndugu zake hawakumupa shamba ya baba. Balisema mutoto wa mutu aliua shantie hapana kuombaomba. Nakulaka kwake. Ananiongezaka maharagi, ju nilikuwa mutu wa mwisho kusema na baba yake.

Mbele ya kuandika hizi, juzi, nilimupelekea ile shahidi. Alikuwa anachagua mawe ndani ya maharagi. Niliiweka kwa meza, nusu mbili, nikazikaribisha pamoja. Alijua saba ya baba yake mbele sijafungua kinywa. Nilimuambia yote, ya ng'ombe, ya mashuka, ya masizi ya jiko yake. Nilipomaliza, alisimama.

"Shahidi ilikuwa kwa kimo gani?"

Nilionyesha paji la uso yangu.

Ye aliweka mukono kwa kiuno yake. "Ng'ombe inajikunaka hapa."

"Ndiyo, yaya."

"Mi nilizaliwa na ng'ombe kule juu. We ulifika juzi, pengine haukujua."

Alikuwa ananifungulia mulango. Ningeweza kupita.

"Nilijua," nilisema. "Nilijua ile asubui."

Alirudi kukaa, akaendelea kutoa mawe ndani ya maharagi. Akasema: "Andika. Usiweke mizaha." Yaya, nimejaribu. Zingine zilitoka mbele ya mi kuzishika.

Vijana, hii karatasi inafika kwenu pamoja na shahidi, ndani ya mukebe ya maziwa. Musiishike na mikono ya chokaa, kalamu ya risasi itafutika. Papa Wilondja alisoma ukuta vizuri. Mashahidi yake yote ilikuwa ya kweli, na kwa ile moja ya uongo, uongo haikuwa yake. Muwaambie bazee ba lubunga pia. Mi nitapanda siku Yaya Alenge atakubali kupanda na miye, nitawaambia na kinywa yangu. Na lile neno, musilitupe, shantie inalihitaji. Mubadilishe jina tu. Mukiona mutu anapaka vumbi juu ya kitu mupya, mumuambie: "Usifanye kikasuku." Nitasikia mupaka hapa Baraka, na nitaitika.